Asubuhi Aliyopaa Martina wa Kishapu

Nafasi ilipatikana kwa sababu mgeni wa chumba namba kumi na nne aliharisha usiku kucha. Rubani wa puto la watalii hakupenda kapu lielemee upande mmoja. Kabla hakujapambazuka akatuma mtu kwa Euphrasia, aliyekuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli ile ya Serengeti, kumwambia kwamba kama yule mama yake aliyetoka Shinyanga haogopi, aje na sweta.

"Mayu, unaogopa?" Euphrasia akamuuliza mama yake.

Martina alikuwa ameketi kitandani, ameshavaa. Alilifikiria swali kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta funguo.

"Sijui," alisema. "Sioni kitu."

"Basi nenda, ukaone dunia. Lakini ukirudi nyumbani, kama utarudi, usimwambie mtu. Mtu yeyote. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Kama utarudi. Hilo ndilo lililokuwa kati yao kwa siku tano. Martina alikuwa amefika na lori la mboga kutoka Mwanza, amekaa juu ya magunia ya kabichi, na lori hilohilo lilikuwa linarudi Alhamisi. Euphrasia alitaka lipite Bunda na kumshusha mama yake huko, kwenye chumba alichokwisha kumpangia, chenye taa ya umeme na majirani wasiomjua. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, mwezi wa Juni, mwaka 1996. Martina alikuwa bado hajajibu.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja na macho mekundu. Miti ya Kishapu iliisha zamani, watu walipofyeka ili kuwamaliza mbung'o na kupanda pamba, na mwanamke wa rika lake amepika ugali miaka arobaini kwa mavi ya ng'ombe yaliyokauka na vijiti vya pamba. Moshi wake ni mzito, hautoki nje upesi. Dada yake Mageni alikuwa na macho hayohayo. Mwaka 1994 ng'ombe watatu wa jirani walikufa katika wiki moja, mganga akasema aliyewaua ni mchawi, bibi mwenye macho mekundu anayekaa upande wa machweo. Mageni alikuwa anakaa upande wa machweo. Wenye mapanga walimkuta jikoni, wakafanya walilolijia, wakaondoka bila kuchukua hata kuku. Hakuna aliyekamatwa.

Kitongoji kizima kilikuja msibani. Wanaume walichimba kaburi, wanawake walipika, wote walimpa Martina mkono wa pole, naye aliitazama mikono ile mmoja baada ya mwingine akijiuliza ni upi. Siku ya tatu aliacha kujiuliza. Hakuwa amelia. Aliendelea kupalilia pamba na kuimba katika kwaya ya kigango, sauti ya pili, bila kukosea. Chakula kilikuwa hakina ladha, kwa hiyo alikula kwa kufuata saa. Siku moja alishika sufuria ya moto, akajua kwa harufu kwamba anaungua.

Na sasa anaambiwa apae. Kishapu kila mtoto anajua ni nani wanaopaa alfajiri, na kwamba hupaa ndani ya ungo. Ndiyo maana Euphrasia alimfunga ulimi kabla hajamfunga kilemba.

Puto lilikuwa limelala majanini, limevimba nusu, kama ng'ombe aliyekula mtama mbichi. Mashine ililipuliza, kisha rubani, Mzungu mrefu mwenye kaptura, akaliwashia moto wa gesi mdomoni. Kapu lilikuwa limelazwa ubavu. Wageni waliambiwa waingie humo kinyumenyume, mgongo chini na magoti juu, na wakaingia wakichekana. Martina alikusanya khanga yake magotini, akaingia, akalala. Alikuwa amewahi kulala hivyo mara mbili tu, kumzaa Euphrasia na kumzaa mwanawe mwingine, aliyekufa.

"Shikamoo, mama," sauti ikasema sikioni pake.

"Marahaba."

Alikuwa kijana wa Kihindi, mnene, kamera tumboni. "Wewe si yule mama wa Kishapu? Unanunua khanga kwa baba yangu, pale Shinyanga, karibu na soko. Mimi Hemal. Ulikuwa unaniletea karanga."

Martina aligeuza shingo kumtazama. "Umenenepa."

"Nimeoa, mama. Wiki ya tatu hii. Huyu hapa ndiye anayeninenepesha."

"Usimsikize," alisema msichana aliyelala upande wa pili wake, jina lake Bhumika, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi. "Amekuja hivyo. Na hili jambo la kupanda juu pia ni lake. Mimi nilitaka kulala."

"Si umelala sasa?"

"Nyamaza, Hemal."

Moto ukanguruma, kapu likasimama nao ndani yake. Martina aliendelea kungoja waondoke, mpaka alipomwona dereva wa gari la hoteli amesimama chini, akiwapungia mkono, na akaona utosi wake. Bhumika alimshika mume wake. Mzee mmoja wa Kizungu alifumba macho. Martina alishika ukingo wa kapu kwa sababu wengine walikuwa wameushika.

Juu palikuwa pametulia kuliko chumba. Alikuwa ametegemea upepo, lakini khanga yake ilining'inia kama iliyoanikwa ndani ya nyumba. Rubani aliona anavyoigusa.

"Sisi twende na upepo," alisema, kwa Kiswahili cha kuagiza chai. "Upepo hapana piga sisi."

"Ni kweli," Martina alisema.

Wengine walilalamika kwamba utosi unawaungua kwa moto wa gesi na miguu ni baridi. Kisha jua likatoka. Likapanda juu ya miti ya migunga, likaweka rangi kwenye shingo za twiga, kwenye maji, kwenye mgongo wa kila nyumbu, na nyumbu walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuona kitu chochote kikiwa kingi. Watu kapuni walivuta pumzi kwa pamoja. Martina alijua kwamba anachokiona ni kizuri. Alikijua kama anavyojua kwamba Mwanza iko kaskazini ya Shinyanga.

"Majani yote haya," alisema mwishowe, "na hakuna ng'ombe hata mmoja."

Hemal alicheka mpaka kamera ikaruka tumboni. "Wasukuma bwana! Mngeachiwa hapa mwezi mmoja, pangebaki nini?"

"Mwezi ni mrefu mno. Na ninyi mngefungua duka."

"Bila shaka. Simama hivyo hivyo, mama, jua likiwa usoni. Usicheke kama hutaki." Akapiga picha. "Hii nitaibandika dukani, kwenye kioo cha mlangoni. Kishapu nzima itakuona umepaa, tena bila ung—"

Akakatiza. Mkono wake ulibaki na kamera hewani.

"Bila nini?" Bhumika akauliza.

"Bila ungo. Basi, ni mzaha tu."

"Ungo si ni ile ya kupeta mchele? Sasa mtu anapanda juu nayo aje?"

Hemal alishusha kamera. Sanda ya Mageni ilitoka katika duka la baba yake, na Hemal ndiye aliyeipima kwa fimbo ya mita na kuikata, siku ile Martina aliposimama mbele ya kaunta na kusema ni ya dada yangu. Mji mzima ulikuwa unajua amekufaje.

"Nisamehe, mama," alisema kwa sauti ya chini.

"Hujakosea. Ndivyo watakavyosema."

Rubani alifunga gesi, na puto likaanza kushuka. Alikuwa na desturi ya kuwashusha wageni mpaka karibu kabisa na mto ili waone viboko, na asubuhi ile upepo wa chini ulikuwa na nguvu kuliko alivyofikiri. Vilele vya miti vikaja mbio. Tawi likakwaruza kapu, majani na vijiti vikawamwagikia. Mama mmoja akapiga yowe. Chini yao kiboko aliinua kichwa, akafungua mdomo wote, na Bhumika akamrukia Martina shingoni, akaficha uso begani pake, mwili mzima ukitetemeka.

Martina alimshika. Alisikia moyo wa yule msichana ukigonga kwenye mbavu zake mwenyewe kama mtu anayegonga nyumba isiyo na mwenyewe. Moyo wake ulikuwa unakwenda mwendo wake wa siku zote. Alitazama mdomo wa kiboko, meno yake ya manjano, ulimi, akafikiri kwamba tukianguka tutaanguka hapo. Alingoja kidogo kuona kama wazo hilo litamfanya kitu. Halikumfanya.

Moto ukanguruma tena, wakapanda, watu wakaanza kucheka na kujifuta machozi. Bhumika alibaki begani pale.

Katika muda ule, juu ya mto, Martina alilijibu swali ambalo binti yake alimuuliza alfajiri. Haogopi. Halikuwa jambo la ushujaa, wala hakulifurahia. Hofu ilikuwa imekwenda pamoja na ladha ya chumvi. Na kama haogopi, aliwaza, anakimbilia nini Bunda? Atakaa chini ya taa ya umeme miaka kumi, amtazame mwenye nyumba akipita. Hofu inayomhamisha ni ya Euphrasia. Kishapu ana eka tano za pamba na kaburi moja linalohitaji kufyekewa majani, na hakuna mtu mwingine atakayelifyekea.

Walitua vibaya, kapu likalala na kuburutwa hatua thelathini, wote wakajikuta tena migongo chini na magoti juu. Kisha kulikuwa na meza katikati ya nyika, vitambaa vyeupe ambavyo Martina alijua nani amevipiga pasi, mayai, na mvinyo wenye mapovu. Aliomba chai. Alipewa cheti, karatasi ngumu yenye jina lake na picha ya puto. Aliikunja mara mbili, akaiingiza ndani ya sweta.

Hemal alikuja na kikombe chake, akakaa karibu naye.

"Ile picha nitakupa mwenyewe, mama. Sitaibandika. Nimefikiri vibaya."

"Ibandike."

"Mama, unajua watu walivyo."

"Nawajua. Ibandike palepale ulipotaka, kwenye kioo. Nitakuwa nimeshawaambia."

Hemal aliweka kikombe chini. "Kweli unarudi?"

"Mahindi hayajavunwa."

Waliporudi hotelini, Euphrasia alilipokea jibu hilo vibaya zaidi. Alikuwa na pasi mkononi, akaiweka juu ya shuka la mtu, na shuka likaungua kabla hajaiondoa.

"Watakuua kama mama mkubwa."

"Labda."

"Unasema labda, kama mtu anayezungumzia mvua!"

"Ng'wanone, mwanangu, mimi nimejaribu kuogopa. Nimejaribu hata leo. Niko hivi." Akamwonyesha mikono yake miwili, imetulia. "Mtu wa kujificha ni yule ambaye bado ana kitu cha kutetemeka. Nikikaa Bunda nikiwa hivi, utakuwa umeweka gunia ndani ya chumba."

"Basi usiseme kuhusu puto. Nyamaza tu, nakuomba."

"Picha itakuwa dukani. Nikisema mwenyewe, mchana, mbele ya wote, itakuwa habari. Wakiigundua wenyewe itakuwa ushahidi."

Euphrasia alilia. Martina alimpangusa uso kwa ncha ya shuka lililoungua, akijua anachopaswa kufanya na kukifanya. Alhamisi lori lilipita Bunda bila kusimama.

Jumamosi saa nne asubuhi alikwenda lamboni. Wanawake kama kumi na watano walikuwa wanachota. Walimwamkia, akaitikia, wakamuuliza habari za safari.

"Nzuri," alisema. "Nimepaa."

Vibuyu viliacha kuzama.

"Ndani ya kapu. Linafungwa kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa, mfuko wanautia moto, unapanda. Nilikuwa na Wazungu, na yule Hemal wa dukani na mke wake. Nimemwambia abandike picha. Ilikuwa asubuhi, jua linatoka. Yeyote anayetaka kusema Martina amepaa, aseme. Ni kweli."

Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Martina akainama akajaza ndoo yake mpaka ukingoni. Ndoo iliyojaa hivyo mtu haiinui mwenyewe mpaka kichwani. Lazima mwenzake amtwishe, na tangu msiba wa Mageni alikuwa anachota nusu, ili asimngoje mtu. Sasa alikunja kata yake, akaiweka kichwani, akasimama kando ya ndoo, akangoja.

Alingoja muda mrefu. Wengine wawili walitwishana wakaondoka bila kumtazama. Kisha Zipora, jirani yake, ambaye mume wake alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, aliweka kibuyu chini akaja. Hakumtazama machoni. Alishika ndoo upande mmoja.

"Na mkojo je?" aliuliza. "Mtu akibanwa huko juu?"

"Anavumilia."

"Hata Wazungu?"

"Hata wao. Kuna mzee mmoja alikuwa amefumba macho njia nzima. Nadhani ni hilo."

Mtu nyuma yao alicheka, mmoja, kisha mwingine. Wengine hawakucheka. Zipora na Martina waliinua kwa pamoja, na maji yakamwagika kidogo shingoni mwa Martina, yakashuka mgongoni ndani ya gauni. Alisikia kwamba ni ya baridi. Akamshukuru Zipora, akashika njia ya nyumbani, akipita mbele ya nyumba za watu wote.