Nimefunga golf simulator kwenye ghala la mahindi, Mama akapaona nilipokuwa

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Nasimulia kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Asiyeamini aje kijijini kwetu Gitting, ghala lipo na chai ya maziwa ipo.

Kwanza mnijue. Nikiwa kijana nilikwenda Arusha, nikapata kazi kwenye uwanja wa golf. Nilianza kwa kukata majani, baadaye nikawa caddie, yule anayembebea mchezaji begi la fimbo. Siku uwanja ukifungwa, sisi wafanyakazi tuliruhusiwa kucheza. Hapo ndipo ugonjwa uliponipata.

Mnaosema golf ni ya matajiri, sibishi. Lakini asubuhi umesimama kwenye umande, mpira umepaa, unauangalia tu unavyokwenda... hapo tajiri na maskini wote wanafunga mdomo.

Baba alipofariki nilirudi. Mimi ndiye mtoto wa mwisho wa kiume, na kwenye ukoo wetu huyo ndiye anayebaki na wazazi. Mama miguu imechoka, anafika zizini na kurudi, basi.

Nikalima, nikafuga. Ila moyo haukurudi wote. Nikichunga ng'ombe najikuta nimepiga kinyesi kikavu kwa fimbo, nakisindikiza kwa macho. Mama ananiona kutoka zizini.

Mwaka huu bosi wangu wa zamani akapiga simu. Kuna nafasi ya kufundisha wanaoanza, anataka jibu mapema.

Wakuu, nikapiga hesabu. Nikienda, nani atabaki na Mama? Nikibaki, nitakuwa mtu wa kuchungulia barabara ya Arusha maisha yangu yote.

Ndipo nikakumbuka kifaa. Mgeni mmoja niliyekuwa nambebea begi alipohama nchi aliniachia fimbo zake za zamani na launch monitor, kidude kinachokaa nyuma ya mpira na kupima umekwendaje. Unakiunganisha na laptop, laptop na projector. Unapiga mpira wa kweli kwenye pazia, halafu picha inaendeleza safari yake. Nikasema nijaribu. Kikinituliza, nabaki.

Ghala lilikuwa karibu tupu, mahindi tulishauza, yamebaki magunia machache ya maharage. Paa liko juu, ukizungusha fimbo haigusi. Zulia la majani bandia nilipata mjini, projector ya mtumba kwa jamaa wa kuonyesha mpira. Pazia nikatumia turubai jeupe la kuanikia mahindi.

Sasa chekeni. Sisi huku ngozi tunaiwamba: unavuta kila upande, unapigilia vigingi mpaka ukiigonga inalia. Na mimi turubai nikaliwamba vilevile, nikajisifu kabisa. Nikapiga mpira wa kwanza kwa nguvu zote.

Ulirudi kama ulivyokwenda. Ukanipita sikioni, ukapasua ndoo ya maziwa mlangoni. Ndoo alikuwa ameishika Mama.

"Mchezo wenu huu," akauliza, maziwa yakimchuruzika miguuni, "mnapigana na nani?"

Nikaomba radhi sana. Nikang'oa vigingi, nikaliacha turubai lining'inie legelege, nyuma nikatundika blanketi kuukuu. Nikapiga tena. Mpira ukagonga, ukadondoka taratibu, ukalala.

Halafu nikainua macho.

Nje kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, mabua na vumbi tu, na ule ubaridi wa mlimani. Ndani kumekuwa kijani kitupu. Mpira wangu uko angani, unapita juu ya miti, hauna haraka. Machozi yalinitoka wakuu, sioni aibu kusema.

Mama akaingia, akakaa juu ya gunia la maharage.

"Majani yote haya, ng'ombe wako wapi?"

"Hawaruhusiwi, Mama."

"Hata ndama?"

"Hata ndama."

Akasikitika kweli, kama amesikia msiba. Kisha akasema, "Piga tena. Tuone nyuma ya kile kilima kuna nini."

Nikapiga. Kilima kikapita, likatokea bwawa. Akataka kujua ng'ambo ya bwawa. Nikapiga.

Ikawa ndiyo desturi. Akishakamua anakuja, anajifunga mgolole, lile shuka lake la begani, maana anasema huko tunakokwenda kuna upepo. Mimi napiga, yeye anaangalia. Kuna wakati alifumba macho nikadhani amelala, kumbe ananisubiri nipige. Mara nyingine alisema panafanana na kwao Bashay alipokuwa msichana, akanisimulia njia moja ya kwenda mtoni. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Ghala lote linanukia mahindi, na sisi tuko mbali.

Jioni moja akauliza, "Hapa ndipo ulipokuwa?"

"Hapana Mama, hii ni Ulaya. Ila panafanana."

"Majani ni haya haya?"

"Ni haya haya."

"Na wewe ulikuwa unasimama wapi?"

Nikaenda nikasimama mbele ya turubai. Mwanga wa projector ukaniangukia, majani yakapita juu ya shati langu. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Miaka yote ile nilikuwa nakuombea," akasema, "lakini sikujua nakuombea ukiwa mahali gani. Nikifumba macho naona giza. Sasa nimepaona, ni pazuri. Ukitaka kwenda, nenda mwanangu. Nitajua uko wapi."

Wakuu, nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Kwa ruhusa sikujiandaa.

Nilikaa chini palepale kwenye zulia. Nikatafuta ile hamu ya kuondoka, sikuiona. Kumbe sikuwa nalilia majani peke yake. Kilichokuwa kinaniumiza ni kuishi na sehemu ya maisha yangu ambayo hapa nyumbani hakuna anayeijua.

Nikampigia bosi, nikamshukuru, nikamwambia atafute mwingine.

Nilichojifunza: kabla hujamkimbia mtu wako, mwonyeshe kwanza unachokikosa. Mimi nilidhani Mama hawezi kuelewa, kumbe sikuwahi kumwonyesha.

Wenye maswali ya vifaa ulizeni, nitajibu nikimaliza kukamua. Lakini mliorudi nyumbani kutoka mbali, hebu niambieni: kule mlikotoka, mama zenu wanakujua?