Karafuu Katika Pombe ya Mama

Harufu ya karafuu huwakumbusha wenzangu pilau. Mimi hunikumbusha pombe, tena pombe nyeusi ya mtama, na msininunie, maana huo ndio ukweli wenyewe.

Mama na mimi tulikuwa tumerudi Ruangwa kutoka Nachingwea, baada ya baba kufariki kwenye kambi za mashamba ya karanga. Kule kulijaa watu wa kila kabila, na jirani mmoja alimfundisha mama kutia tangawizi na karafuu katika pombe. Wanywaji waliigombea, acheni tu!

Shamba tulilopewa na wajomba lilikuwa pori tupu, na mvua zilikaribia. Kwetu mjane hupika pombe, akaita majirani wamlimie. Mkono mtupu haulambwi. Asubuhi wanafungua mtungi wa kwanza, ndipo jembe liguse ardhi. Wasingelima, tusingekuwa na chakula mwaka ule.

Mama alikaanga kimea mpaka kikawa cheusi, akapika pombe yake, kisha akatwanga viungo. Bibi, mzaa mama, alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"We mwanangu, hiyo pombe au mchuzi? Utawatilia watu madudu!"

"Mama, ngoja uonje kwanza."

"Sionji!" Akaondoka akinung'unika. Kwa maneno, bibi yangu alikuwa hashindwi.

Siku ya kulima majirani wakaja, majembe mabegani. Mzee Hamisi, aliyekuwa mkubwa wao, akainama juu ya mtungi, akanusa, akarudi nyuma.

"Mbona inanuka dawa?"

Mama akapiga magoti, akachota kwa kata, akanywa mbele yao, kwani desturi ni mpishi kutangulia ili kuondoa shaka. Nikapumua. Kumbe bado.

"Aliyetia dawa hakosi kinga yake," akasema Mzee Hamisi. "Huko kambini mmejifunza mengi."

Wawili wakageuka kurudi makwao. Mama alikuwa bado amepiga magoti, kata mkononi.

Ndipo bibi akapita katikati yao. Akamnyang'anya mama kata, akachota ikafurika, akainywa yote bila kupumzika. Akajifuta mdomo kwa kaniki, akacheua.

"Nikifa, nizikeni. Nisipokufa, mkalime!"

Watu wakaangua kicheko. Walimkodolea macho kitambo, naye akawakodolea yake, mzima kabisa. Mzee Hamisi akapokea kata, akaonja, akaomba nyingine. Siku ile pori letu lililimwa kwa nyimbo, na mtama tulioupanda ulistawi vizuri.

Nilicheka kuliko wote. Kwa miaka mingi niliwasimulia watu habari za bibi yangu mroho, aliyesusa pombe kwa mdomo huku koo linaitamani. Hata msibani kwake niliisimulia, wakacheka na machozi yao.

Mama hakucheka. Tulipobaki wawili akaniambia kwamba bibi hakuwa anaijua karafuu. Kabla ya pombe ile hakuwahi kuiona wala kuila, na asubuhi ile hakuna aliyekuwa amemweleza ni kitu gani. Alipoinua kata, naye aliamini ni dawa, kama Mzee Hamisi.

Akainywa yote.