Majibu Ambayo Wazee Hawakuyatoa

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na kila niikumbukapo uso hunishuka. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wamekwisha kuhamia vijiji vya ujamaa. Mimi binti wa mtaa wa Kambarage, hapa mjini Shinyanga, nimemaliza shule juzi tu, nikapata kibarua cha kuuliza watu maswali katika kijiji kimoja upande wa Mhunze. Wataalamu walitaka kujua hali za nyoyo za watu: vijana, watu wazima na wazee. Je, unalala vizuri? Je, una furaha? Je, unajiona mpweke? Nami nitie alama ya vema kwenye ndiyo au hapana.

Vijana walijibu upesi. Wazee, lo! Unamuuliza usingizi, yeye anaanzia kwa ng'ombe waliokufa mwaka wa ukame. Nikachoka. Nikajiambia wazee wote ni wale wale, tena wote hucheka wakikusalimu. Basi nikawa nakaa kivulini, nawajazia mwenyewe: wanalala vizuri, wana furaha, hawana upweke. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mimi niliwasemea hata waliokilalia.

Siku ya mwisho nikaingia kwa Bibi Kabula, mjane wa rika la bibi yangu. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma chetu. Akafurahi, akanipa kigoda. Nilipomuuliza usingizi, akaanza kunieleza habari za kaburi la mumewe, lililobaki kwenye kaya yao ya zamani. Kila akijilaza humjia wazo kwamba mifugo ya watu inalikanyaga. Aliongea taratibu. Mimi masikio yangu yalikuwa barabarani, nasikiliza kama Landrova ya kutuchukua inakuja. Kalamu ikapita: ndiyo, ndiyo, hapana.

Aliponyamaza akanyoosha mkono. "Hebu nione ulichoandika, mjukuu wangu."

Nikampa bila wasiwasi. Sikujua kwamba alikuwa akihudhuria kisomo cha watu wazima. Akaweka kidole juu ya karatasi, akasoma kwa kukokota: "Je, u-na-la-la vi-zu-ri? Ndi-yo." Akanitazama. "Nani huyo anayelala?"

Nilikosa pa kuutia uso wangu.

"Na wenzangu je?" Akalifungua jalada langu, akasoma fomu ya jirani yake aliyefiwa na mwanawe masika yaliyotangulia. Naye nilimwandikia furaha. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu iliishia kwenye kigoda kile.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Rudi kwao ukawaulize."

Nikaiandika upya fomu yake. Yake peke yake, kwa kuwa ndiye aliyenikamata. Landrova ilipofika nikapanda, zile nyingine nikazikabidhi zilivyo. Baadaye tukaitwa kikaoni, msimamizi akatangaza kuwa wazee wa kijiji kile wametulia nyoyo, kwa hiyo bibi maendeleo aliyekuwa aende kuwatembelea atapelekwa kwingine. Wenzangu wa kibarua wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Mwaka uliofuata nilimwendea Bibi Kabula na kanga mpya. Akaitikia shikamoo yangu, kisha akauliza, "Ulirudi kwao?"

"Hapana, bibi."

Akaikunja ile kanga vizuri, akanirudishia mapajani, akaingia ndani kupika. Tulikula pamoja, maneno machache.

Mwanangu, ukitumwa kuwauliza watu hali zao, ngoja wajibu. Mzee akianzia kwa ng'ombe, mwache aanzie huko. Usingizi wake utaukuta njiani. Usilolisikia usiliandike, na muda ukikuishia, acha mahali pa jibu patupu, wala si aibu. Ukikosea, rekebisha hata lile ambalo hakuna aliyeliona. Mimi sikufanya hivyo, na wazee wale wote wamekwisha kufa.

Mungu akupe sikio lisilochoka, na uzeeni mwako akujalie mtu wa kukuuliza habari zako, kisha akae akusikilize.