Binti yangu na tanuru la makala

Wenye makosa ninawajua. Wa kwanza ni shemeji yangu, mkubwa wa avenyu yetu, yaani mtaa wetu, hapa Kolwezi. Aliweka sahihi nyumba yetu ibomolewe kwa ajili ya mgodi wakati sisi tuko kwenye kilio Tenke. Tuliporudi tulikuta tingatinga imesimama mahali pa jiko. Tukaishi porini miaka mitatu, nyuma ya Fungurume, tukichoma makala, yaani makaa ya miti. Mwana wetu wa kike alikulia mule.

Sasa tuna nyumba tena, kando ya barabara ya malori. Binti ana miaka kumi na tano, na ametoroka mara nne kurudi porini. Mchungaji alisema ana pepo la msitu. Yeye ndiye wa pili: alimfungia siku tatu bila chakula, na mi nilikuwa nje ya mlango naimba. Basi niandike na wa tatu, ni mimi.

Mara ya nne mume wangu akanituma: "Umulete. Akikataa, hapa si kwabo tena."

Nilimkuta kulekule porini, mbele ya tanuru la udongo, uso mweusi tii.

"Mama, ulikuya kunichapa?"

"Nilikuya kukurudisha."

"Ngoja kwanza. Moshi ingali mweupe. Nikiacha, moto itatoboa, itabakia majivu tupu."

"Nani alikutuma makala? Uko na masomo!"

"Si weye ulinifundisha?"

Tukakaa. Udongo ulipopasuka aliziba kwa majani na matope, bila haraka. Nyumbani anavunja sahani kila juma. Akanipa bukari, ugali wetu, na viwavi vya kukaanga, akacheka: "Unakula kama mugeni!" Ndipo nikaona hajakohoa tangu nifike, na nyumbani vumbi la malori humkohoza usiku kucha. Nikakasirika, sijui nimkasirikie nani. Mahali tulipomzika mdogo wake, aliyekufa kwa malaria, yeye anapaita kwetu.

Kesho yake moshi ukawa wa buluu, makala yameiva. Tukangoja tanuru lipoe, tukafukua, tukajaza magunia. Nikamwambia, sasa twende. Akachukua shoka, akaanza kukata miti ya tanuru lingine. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Nilirudi peke yangu. Mume akauliza mlangoni: "Alikataa?"

"Sikumukuta."

Akatazama mikono yangu, myeusi mpaka viwiko. Akaniletea maji ya kunawa. Hata yeye simwelewi.