Pumzi ya Kushikia Dhahabu

Mtaani walimwita Mama Dhahabu, na aliyeanzisha jina hilo alikuwa anatania, maana mwilini mwake hakukuwa na dhahabu hata ya kipini cha pua. Dhahabu yake ilikuwa kazini. Ilikuja katika vijitabu vya karatasi laini, imefuliwa hadi ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na kazi yake yeye ilikuwa kuibandika kwenye kurasa za vitabu. Majirani walipomuuliza kama huwa haichukui kidogo akaenda nayo nyumbani, alijibu kwamba huenda nayo kila siku, kwenye kope na nywele, na bado maji ya kuoga hayajamtajirisha.

Brashi alifundishwa na baba yake, mwandika mabango ya maduka, aliyemwachia ajaze rangi ndani ya herufi zilizokwisha kuchorwa kwa penseli. Baadaye aliolewa na mpanga herufi wa kiwanda kidogo cha uchapaji, kimojawapo cha vile vichache vinavyochapa kwa njia ya kizamani: herufi za risasi, karatasi nzito, mashine ya kuvutwa kwa mkono. Mume ndiye aliyempeleka pale na kumwombea meza chini ya dirisha. Alipofariki, mjane alibaki na meza hiyo, na wifi yake.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa marehemu. Alikuja siku za msiba kusaidia kupokea wageni. Wageni wakaondoka, yeye akabaki. Aliuza mabeseni na ndoo sokoni, na sauti yake ilisikika kabla ya kibanda chake kuonekana. Nyumbani hakuipunguza. Aliongea akipika, akifua, akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Mama Dhahabu, ambaye kwa asili hakuwa mtu wa maneno mengi, alijibu kwa "mmh", na wifi aliridhika, kwa kuwa "mmh" haimkatizi mtu.

Kitabu cha mwisho alichokiacha mume kilikuwa diwani ya mashairi ya Kiajemi. Ukurasa mmoja ulibeba maandishi yenyewe, yaliyopangwa kwa herufi zilizoagizwa kutoka mbali, na ule unaouelekea ulibeba tafsiri. Mume hakujua Kiajemi. Alijifunza kukipanga herufi kwa herufi, kutoka kulia kwenda kushoto, akilalamika kwamba mikono yake sasa inavaa viatu kinyumenyume. Nakala zilikuwa mia moja tu, na katika kila nakala vichwa vya mashairi vilitiwa nakshi kwa mkono: mizabibu, maua ya waridi, ndege wa buluu, na dhahabu iliyoinuka kidogo juu ya karatasi hata kidole kikaihisi.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa umekwisha kuchapwa. Uliwataja waliokitengeneza kitabu. Mstari mmoja ulisema nani alipanga herufi. Mstari wa chini yake ulisema kwamba nakshi na dhahabu yote ni kazi ya mkono mmoja, na ukautaja mkono huo ni wa nani. Mume na mke, mstari juu ya mstari. Hawakuwa wamewahi kuandikwa pamoja mahali pengine isipokuwa kwenye cheti cha ndoa, nacho kililowa maji mwaka paa lilipovuja.

Zaidi ya nusu ya nakala zilikuwa tayari Mama Dhahabu alipougua homa ya mapafu. Alilazwa, akapona, akarudi kiwandani. Mkono ulikuwa uleule. Kilichopungua kilikuwa pumzi.

Na dhahabu ile haishiki bila pumzi. Fundi hutandaza kwanza chokaa laini iliyochanganywa na gundi na sukari kidogo, huiacha ikauke, huikwangua mpaka iwe nyororo. Kisha huweka mrija wa karatasi mdomoni na kuihemea ile gundi, taratibu, pumzi ndefu za kutoka tumboni, mpaka ilowe kwa unyevu wake. Hapo ndipo huilaza dhahabu, akaikandamiza na kuisugua kwa jiwe la akiki. Pumzi ikiwa fupi, dhahabu hubanduka kama rangi ya ukuta mbovu.

Mama Dhahabu alihema mara mbili, akakohoa. Karatasi ya dhahabu iliruka, ikatua begani mwa sweta yake. Alijaribu tena kesho yake, na siku zilizofuata. Alijaribu mvuke wa birika, ukurasa ukajikunja kama sikio.

Mwenye kiwanda, kijana aliyerithi mashine za baba yake pamoja na upole wake, alisimama karibu na meza akikuna shingo.

"Fundi, mjalidi anazishona na kuzitia majalada zile zilizo tayari. Akizimaliza, hizi zilizobaki itabidi tuzipige dhahabu kwa mashine."

"Na ukurasa wa mwisho?"

"Nitauchapa upya, bila ule mstari wako. Siwezi kuandika mkono mmoja wakati si mkono mmoja. Mstari wa marehemu utabaki."

"Uko sawa," alisema Mama Dhahabu, na kweli aliona yuko sawa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jioni hiyo alimweleza wifi yake kwa maneno machache, kama kawaida. Wifi aliyaongeza. Alimlaumu mwenye kiwanda, akamlaumu mjalidi kwa kushona upesi, akawalaumu Waajemi kwa kuwa na mashairi mengi. Katikati ya lawama alivua miwani, akaisogeza mdomoni na kuihemea, "haaa", ndefu, kama mtu asiye na haraka ya kuishiwa. Kioo kimoja kikafunikwa na ukungu mpaka ukingoni.

"Wifi, hebu rudia."

"Nirudie wapi? Pale kwa mjalidi?"

"Hilo la miwani."

Wifi alimtazama, kisha akahemea kioo cha pili. Ukungu ulikaa. Mama Dhahabu aliushika kwa kidole, akakiangalia kidole chake.

"Utakuja na mimi kazini asubuhi."

"Mimi? Na ndoo zangu atauza nani?"

"Kabla soko halijachangamka. Asubuhi hewa yenyewe ina unyevu."

"Kwa hiyo ndugu yangu alisoma ufundi miaka yote ile, wewe umesoma, halafu mimi naingia kwa mapafu tu."

"Mapafu ya kunadia mabeseni. Hayo hayasomewi."

Sharti lilikuwa moja. Tangu wifi atie mrija mdomoni hadi Mama Dhahabu aliweke jiwe mezani, hakuna kuongea wala kucheka.

"Ungeniambia nisile, ningekuelewa," alisema wifi.

Siku ya kwanza alipuliza kama anayechochea mkaa, na dhahabu ikapeperuka hadi kwenye kabati la herufi.

"Si 'fuu', wifi. 'Haa'. Kama unapasha viganja."

"Si ungesema mapema."

"Nimesema. Ulikuwa unaongea."

Waliharibu karatasi kadhaa za majaribio. Kisha asubuhi moja wifi alihema, gundi ikang'aa kwa unyevu, mkono ukashuka na dhahabu, jiwe likapita. Mama Dhahabu alisugua ukingo wa waridi kwa ukucha. Haukutoka. Alisugua tena kwa nguvu, kama anayetaka utoke, na haukutoka.

Mwenye kiwanda aliwakuta wakiwa kwenye ukurasa wa kweli. Alichukua kioo cha kukuzia, akainama muda mrefu.

"Imeshika."

"Imeshika," alisema Mama Dhahabu, jiwe bado mkononi, "lakini pumzi si zangu, ni za huyu. Nimeona nikuambie. Kama utauchapa upya ule ukurasa, uchape."

Wifi alikuwa na mrija mdomoni. Macho yalimtoka. Alilitazama jiwe, akamtazama mwenye jiwe, akahema kwa nguvu puani.

Mwenye kiwanda alikirudisha kioo mezani.

"Anayeshika brashi ni nani?"

"Mimi."

"Anayelaza dhahabu?"

"Mimi."

"Basi tumeandika mkono. Pumzi hatukuahidi mtu." Akaenda kumwambia mjalidi aongeze uzi wa nakala zilizobaki.

Mama Dhahabu aliweka jiwe chini.

"Unamwambia ya nini?" wifi alilipuka. "Nani alikuuliza? Kijana kasema imeshika, wewe unafungua mdomo! Mwaka mzima 'mmh', leo ndiyo unajua kuzungumza!"

"Mmh," alisema Mama Dhahabu.

Waliendelea hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Wakati gundi ikikauka wifi alisoma tafsiri, miwani kwenye ncha ya pua, na kutoa hukumu. Mshairi huyu analalamika sana. Huyu mpenzi wake hana kazi, kila ukurasa yuko bustanini. Shairi moja tu alilisoma mara mbili, la mtu aliyeondoka akaacha mlango wazi, kisha akauliza kama hilo nalo lilipangwa na ndugu yake.

"Yote aliyapanga yeye."

"Hata hizi nukta?"

"Hata nukta."

Pumzi za Mama Dhahabu hazikurudi kama zamani. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia. Katika kitabu kilichomalizika yeye mwenyewe anajua nakala zipi zilipata pumzi zake na zipi za wifi. Mtu mwingine hawezi kujua, na mwaka ujao huenda naye asikumbuke.

Kazi ya mwisho ilikuwa jani dogo la mzabibu katika nakala ya mwisho. Wifi alihema. Mkono ulilaza dhahabu, ukakandamiza, ukasugua, ukasugua zaidi ya ilivyohitajika. Kisha Mama Dhahabu akaliweka jiwe mezani, ruhusa ya kuongea.

Wifi alitoa mrija mdomoni. Alitazama jani, akafunua ukurasa wa mwisho, akapitisha kidole chini ya ile mistari miwili bila kuigusa. Barabarani muuza magazeti alipita akinadi, akaishia kwenye kona, na wifi bado hakusema.

"Vipi?" aliuliza Mama Dhahabu.

"Nilikuwa na neno. Limenitoka."

"Wewe?"

"Usizoee," alisema wifi, akatafuta miwani, iliyokuwa machoni mwake, akaenda kufungua kibanda chake cha ndoo.