Taa Nyekundu ya Vifaranga

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mdomo wa kifaranga. Ulikuwa na damu.

Nikadhani amejikwaruza. Nikamfuta kwa upindo wa sketi, nikamrudisha kwenye boksi na wenzake.

Nilipotazama tena, wote walikuwa wanakimbizana. Mmoja kabeba kitu kama uzi mwekundu, wengine wanamnyang'anya.

Haukuwa uzi. Yalikuwa matumbo.

Mwenye matumbo alikuwa kwenye kona, bado amesimama, bado analia pii, pii, na wenzake wanaendelea kumvuta kwa nyuma.

Hao ndio viumbe niliokuwa nawalaza kiganjani, jamani.

Mimi hata salamu hunikaa kooni. Ndiyo maana mtaani waliniita Kimya. Shule niliachia darasa la tano, mama alipofariki, dada yangu akanichukua akanilea. Wavulana waliponizomea njiani, dada alivua kiatu akawachapa nacho mpaka wakajifunza kunipisha. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dada.

Mume wake alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani. Mtu mnene, mpole, anacheka chini chini. Vifaranga wale alininunulia yeye.

"Shemeji, na wewe uwe na kitu chako," alisema.

Dada akaangua kicheko. "Huyu? Kuku wenyewe watamzidi maneno!"

Tukawaweka stoo, chumba kisicho na dirisha, taa nyeupe inawaka usiku na mchana wapate joto. Sikujua chochote kuhusu kuku. Nilijua tu kwamba ni wangu.

Basi nikamfunga yule aliyekufa kwenye kitambaa, nikampelekea Mama Pumba, mwanamke anayeuza chakula cha kuku. Nilifungua tu kitambaa mbele yake.

"Ah, wameanza kulana," alisema, kama mtu anayetaja mvua. "Taa yako kali mno, binti, na umewabana. Kuku akiona damu anaingiwa na wazimu, hata yule mpole. Weka taa nyekundu. Kwenye taa nyekundu damu haionekani."

Nikageuka niondoke. Akanidaka mkono.

"Na umtoe anayedonoa. Watu wanamtoa aliyeumia, wanamwacha mhuni ndani. Kesho mhuni anachagua mwingine."

Nikajilazimisha kuuliza. "Akitolewa... ndiyo basi?"

"Unamweka peke yake. Akirudi anakuta wenzake wameshajipanga, anaanzia mkiani. Wengine hutulia." Akacheka. "Wengine, sufuria."

Nikabadilisha taa. Kisha nikakaa kuvizia nimjue mhuni.

Alikuwa Malkia. Yule mweupe, mzuri kuliko wote, niliyekuwa namlisha mkononi.

Sikumtoa. Nilijiambia ataacha.

Tangu taa nyekundu iwekwe, shemeji akaanza kuja stoo.

Anaingia, anageuza ndoo, anaikalia pale kwenye kona, uso kauelekeza kwenye boksi. Mimi nazoa maranda ya mbao machafu huku mgongo unanisisimka. Mwanamume mzima, chumba hakina dirisha, na mlango kaufunga yeye.

Nikaanza kuchomeka kisu cha jikoni kiunoni.

Nilikuwa na sababu. Nyumba ile ilikuwa na kelele zake. Unasikia kishindo, chombo kinavunjika, halafu dada anapiga mayowe: "Unaniua! Leo utaniua!" Baadaye shemeji yuko barazani anashona kama kawaida, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi.

Wateja walimtania. "Fundi, siku hizi unawashonea kuku magauni?"

"Wanalipa kuliko nyie," anajibu, mkono mdomoni.

Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi moyoni nasema, laiti mngejua mnacheka na nani.

Mchana mmoja kishindo kilikuwa kikubwa kuliko siku zote. Shemeji akaingia stoo mbio, akafunga mlango, akakaa kwenye ndoo yake. Shati lake lilionekana kama limelowa maji.

Nikashika kisu.

Umeme ukakatika.

Giza totoro. Nikauparamia mlango, nikausukuma, jua likaingia lote.

Hayakuwa maji.

Shati lilikuwa jekundu mpaka kwenye mkanda. Sikio la kushoto lilining'inia kwa kipande cha ngozi. Na shingoni, pale kola ilipokuwa inaficha, alama za pasi. Nyingine zimepona zamani, nyingine bado zinatoa majimaji.

Ndipo nikaelewa alichokuwa anakifuata stoo. Kwenye taa ile damu haionekani. Nilikuwa nakaa naye chumba kimoja na sikuwahi kuiona.

"Nani?" Sauti ilinitoka yenyewe.

"Funga mlango, shemeji," alisema taratibu. "Watoto watadonoana."

Walikuwa wameshaanza. Mkono wake ulilegea ndani ya boksi, damu inachuruzika vidoleni, na Malkia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuudonoa. Wengine wakafuata. Hakuuondoa. Alikaa hivyo hivyo, kama mtu aliyezoea.

Kivuli kikaziba mlango.

Alikuwa dada. Mkononi kashika pasi ya mkaa, inafuka.

"Mdogo wangu, toka hapo," alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa ananibembelezea nilale. "Sijamaliza na huyu."

"Dada..."

"Toka nimesema!"

Pasi ikamshukia shemeji begani. Nilisikia mfupa ukipasuka. Ikafunguka, makaa yakamwagika ndani ya boksi, maranda yakashika moto papo hapo. Vifaranga wakawa wanakimbia huku wanawaka. Shemeji akaingiza mikono yote miwili motoni, anawachota.

Dada akainua pasi tena. Safari hii alilenga kisogo.

Kisu kilikuwa mkononi kwangu.

Nikakitupa. Nikamkumbatia dada kiunoni, nikamvuta kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Akanipiga kiwiko, jino likang'oka. Akaniuma bega. Sikumwachia mpaka tukaanguka uani.

"Uwiii! Ananiua!" akapiga yowe lake lile.

Wateja wa barazani wakamiminika. Waliona mwanamke yuko chini analia, na mwanamume aliyelowa damu anatoka kwenye moshi.

Hawakuuliza. Wa kwanza akampiga ngumi, akaanguka. Wa pili akaja na ubao wa kukatia nguo. Waliofika nyuma hawakujua hata kuna nini, lakini waliona damu, nao wakaingiza miguu. Watu waliotoka kucheka naye muda ule ule! Nilisikia mbavu zikivunjika.

Hakujikinga. Alikuwa amejikunja, amefunika vifaranga kwa tumbo lake.

Nikatambaa, nikamlalia juu. Teke likanipata mgongoni. Nikafungua mdomo uliojaa damu yangu.

"Si yeye!"

Wakasita. Si kwa kuelewa, kwa mshangao.

"Kimya kaongea," mtu alinong'ona.

"Si yeye. Tazameni nani ameshika pasi."

Wakageuka. Dada alikuwa bado ameikamata, kama mpini umemganda mkononi.

Shemeji alipona, ila sikio lilikataa. Nilipomwona hospitali aligusa bandeji, akacheka kile kicheko chake. "Nesi hajui kushona, shemeji. Bora angenipa sindano nishone mwenyewe."

Siku hizi nafuga kuku uani kwa Mama Pumba. Malkia alikuwa kati ya wale waliotoka motoni. Nilimtenga. Aliporudi alianzia mkiani, wenzake wote wakala kwanza. Sasa ni mtetea, ametulia, nyuma hana manyoya pale alipoungua.

Wewe unayesoma hapa, ukiona damu usikimbilie kumhukumu aliyelowa nayo. Tazama midomo. Na ukimjua anayedonoa, mtoe, hata kama ndiye uliyekuwa unamlisha mkononi.

Siku ile askari walipokuwa wanamchukua dada, alisimama mbele yangu. Alinitazama pengo la jino lililotoka, kama anataka kunifuta damu.

"Mimi niliyekulea," alisema. "Ndiye mimi unayenitoa?"

Sikujibu.

Nimesikia umeshaachiwa, dada. Labda hii itakufikia.

Ndiyo. Ni wewe. Nilikuvuta kwa mikono uliyoilisha mwenyewe, na ningekuvuta tena. Na mpaka leo, nikisikia kiatu cha mwanamke kinakuja njiani, natoka nje kutazama kama ni wewe.