Jirani aliyekuwa akirudisha jina langu kwenye kengele, Brussels miaka ya tisini

Wakuu, habari za muda huu. Hii story ni yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini nimekaa nayo kimya miaka yote.

Katikati ya miaka ya tisini nilienda Brussels kusoma. Masomo yalikuwa kwa English, French yangu ya kuombea maji.

Nilipata chumba juu kabisa kwenye nyumba ya ghorofa mbili, dakika chache kwa miguu kutoka Porte de Namur. Katikati aliishi mama mwenye nyumba, bibi wa Kibelgiji mwenye masikio mazito. Chini, chumba cha nyuma, aliishi Mkongo wa Lubumbashi, mtu mzima, fundi wa kupaka rangi. Wote tulimwita Tonton Kaseba, yaani Mjomba Kaseba.

Siku ya kwanza tu, Mbongo mmoja mwenyeji alinipa semina. "Dogo, huku usimwamini mtu. Watu wanachomeana utambi kwa polisi kila siku."

Nikaishika hiyo kama amri.

Nilienda manispaa kujiandikisha, wakanipa karatasi ya French. Nikaikunja, nikaweka kwenye faili. Sikuisoma. (Ndiyo, najua. Subirini kunitukana.)

Wiki iliyofuata natoka kwenda class, nakuta jina langu mlangoni. Kengele zilikuwa tatu. Ya bibi ilikuwa na kibao cha shaba. Yangu imebandikwa karatasi, jina kamili na la ukoo, mwandiko mzuri wa mkono. Ya Tonton ilikuwa tupu.

Nikajiuliza, huyu Tonton jina langu la ukoo kalitoa wapi? Na kama majina mlangoni ni kitu kizuri, mbona lake hajaweka?

Nikaibandua. Kesho yake ikarudi. Nikaibandua tena. Ikarudi, safari hii na selotepu juu yake ili mvua isiiharibu. Nayo nikaing'oa.

Wakuu, nilianza kuogopa kweli.

Halafu akatokea mzungu wa koti la kijivu na kijidaftari. Mara ya kwanza nilimwona dirishani, anakagua kengele, anaandika, anaondoka. Mara ya pili alikuwa anaongea na Tonton pale mlangoni. Tonton akainua mkono, akaonyesha dirisha langu!

Nilirudi nyuma nikakaa kitandani. Nikasema basi, nimeshauzwa.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatano mchana, sina vipindi. Nikasikia viatu vya watu wawili kwenye ngazi. Nikavua vyangu ili mbao zisilie. Wakagonga. Wakagonga tena. Kifua kilinibana nikakohoa kidogo ndani ya mto. Wakasimama pale kwa muda, wakaongea French, wakashuka.

Siku kumi baadaye ikaja barua yenye mhuri. Mwanafunzi mwenzangu akanisomea: tumepita mara tatu, hatukukuta mtu wala jina, maombi yako ya ukazi yanafungwa. Bila ukazi hakuna kadi, na bila kadi hakuna chuo. Nyumbani mama alishauza shamba la baba ili mimi niwe pale.

Nilishuka ngazi kama kichaa, nikamtupia Tonton ile barua. "Umefurahi sasa? Umeshaniuza!"

Akavaa miwani. Akasoma yote, taratibu.

"Mutoto," akasema, "ule muntu ni polisi ya quartier, ya mutaa huu. Anakuyaka kuangalia kama unaikala hapa kweli. Akikosa jina ku sonnette, anaandika asema hauko. Bon, ni juu ya ile niliandika jina yako, niliiona ku barua zako."

Akanirudishia ile barua.

"Siku ile ya tatu nilimupandisha miye mwenyewe. Nikamwambia, mutoto iko ndani. Nilikuwa nakusikia unakohola."

Kumbe ile karatasi niliyoikunja ilikuwa inasema hayohayo. Jamani, aibu ile sijapata kuiona tena.

Kesho yake hakwenda kazini, akabandika jina langu upya, akaniandikia barua ya kuomba wanisamehe, akanisindikiza mpaka manispaa. Mlangoni akagoma kuingia. "Weye ingia. Miye nabakia hapa." Akanisubiri saa nzima kwenye mvua. Nikadhani anapenda tu kuvuta sigara yake.

Wakakubali. Polisi akaja Ijumaa asubuhi. Akaona kitanda, sufuria, madaftari, mswaki, akasaini. Nilitamani kumkumbatia.

Tunashuka naye, tukakutana na Tonton anaingia na mkate. Polisi akamuuliza kitu. Tonton akatabasamu, akajibu kwamba yeye ni mgeni tu, amepita kunisalimia.

Mimi hapo nimejaa shukrani. Nikajisemea, huyu mzee alinisemea, leo na mimi nimsemee. Nikakusanya French yangu yote, nikamwambia polisi: hapana, huyu anaishi hapa, chumba cha chini, mtu mzuri sana!

Tonton alinitazama. Polisi akageuka akaangalia ile kengele tupu, kisha akafungua kijidaftari.

Alipoondoka nilikuwa bado natabasamu. Tonton ndiye aliyenieleza, bila hasira, kwamba yeye hakuwa na karatasi. Mwaka wa sita ule.

"Aiko kitu, mutoto. Ulitaka kunisaidia." Akakata mkate, akanipa nusu.

Niliporudi kutoka class chumba chake kilikuwa wazi, godoro tupu. Nilimtafuta Matonge nzima, ule mtaa wa Wakongo, kwenye saluni, kwenye maduka ya samaki wakavu, kanisani kwao. Hakuna aliyemwona, au hakuna aliyetaka kuniambia. Nisingewalaumu.

Kadi yangu ilitoka kabla ya Krismasi. Nimesoma, nimerudi, nina familia.

Nilichojifunza: nilikaa miezi miwili nikimtafuta msaliti kwenye nyumba ile, kumbe hakuwepo mpaka siku niliyofungua mdomo wangu. Ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza anataka asaidiwe nini.

Mliowahi kuishi huko, mwageni yenu. Na kama kuna anayemjua fundi rangi mmoja wa Lubumbashi mwenye mwandiko mzuri, amwambie ile karatasi sikuibandua tena. Niliiacha mpaka nahama.